Waliompiga Mjomba

Sheffield, 12 Januari 2025

Mjomba Gethin, shikamoo.

Mimi mzima. Mbavu zinauma, lakini ni za mazoezi, si za mtu. Natumaini huko Stoke mnaendelea vizuri, wewe na Anti Dawn na huyo mbwa wenu wa mbio asiyetaka kukimbia. Bibi Olwen nimeongea naye Jumapili, maana Jumapili ndiyo siku pekee Kocha Brannigan anapofungua kopo la biskuti na kutugawia simu zetu. Siku nyingine zinalala humo na makombo, ndiyo maana unapata barua kama mtu wa zamani. Bibi hajambo. Anasema kwaya ya kanisa imemhamishia upande wa wanaume kwa sababu sauti yake imekuwa nzito, naye amefurahi mno kwa kuwa huko wanakaa karibu na kipasha joto. Mama anakusalimu na anauliza kama Stoke hakuna simu.

Sasa jambo lenyewe. Lile jarida la ndondi limetoa majina ya vijana kumi wa Uingereza wa kuwatazama mwaka huu. Mimi simo. Nimeshinda mapambano saba, sijapoteza hata moja, lakini simo. Mwenzangu mmoja hapa nyumbani kwa Kocha amelibandika kwenye friji, kwa hiyo kila nikienda kuchukua maziwa nakutana na sura kumi zinanichekea.

Nikakaa nikafikiria. Wanane kati ya hao kumi wamepigana nawe. Wanane, Mjomba! Hakuna mtu Uingereza nzima anayewajua kama wewe (na Wales pia, Bibi asije akasikia nimeisahau). Waandishi wamewaona kwa macho, wewe umewaonja kwa pua.

Basi nakuomba. Wapange, wa kwanza mpaka wa mwisho. Kisha niambie mimi ningekaa wapi kati yao. Krismasi ulinishikia pedi za kupigia ngumi kwenye gereji ya Bibi kwa muda mrefu na hukusema neno. Wewe hunyamazi hata kanisani. Tangu siku hiyo roho yangu haijatulia.

Msalimie Anti Dawn. Mpwa wako anayekuheshimu hata ukimtukana,
Osian


Stoke-on-Trent, 26 Januari 2025

Mpwa wangu Osian, marahaba sana.

Barua yako nimeisoma mezani huku nakula mikate ya shayiri na jibini, na Dawn anakusalimu. Ameniuliza kwa nini sikutumii ujumbe wa simu Jumapili. Nimemwonyesha vidole vyangu. Vimevimba kiasi kwamba nikigusa herufi moja kwenye simu zinatoka tatu, juzi nimemwandikia dada yako mdogo salamu akadhani ni Kipolandi. Kalamu naiweza. Mbwa yuko kwenye kochi langu. Bibi yako nimempigia, akanikata katikati kwa sababu kipindi chake cha mnada kilikuwa kimeanza.

Haya, hao vijana wako wa kwenye friji.

Kasim Dar wa Bolton ana mkono mzito, sijaona mfano wake. Alinigonga begani, begani tu, nikasahau nyumba yangu ina namba gani. Na kila akikupiga anaomba radhi. Baada ya pambano mama yake alikuja chumbani kwangu na bakuli la biriani kubwa kama ndoo, nikasamehe kila kitu. Jermel Quaye wa Croydon amevaa kaptula ya dhahabu na anajitazama kwenye kioo kuliko harusi nzima, lakini kasi anayo. Nilirusha ngumi nyingi pale alipokuwa amesimama muda mfupi uliopita. Struan Baird wa Motherwell, huyo ndiye mwenye akili. Anaiona ngumi yako kabla wewe mwenyewe hujaamua kuirusha. Raundi ya pili tulipokumbatiana nikamnong'oneza, "Inua mkono wa kulia, mtoto, mama yako anatazama." Akauinua, akasema asante, kisha akanipiga nao.

Unajua kazi yangu ilivyo. Simu inalia, naulizwa uzito wangu na kama gari lina mafuta. Sijawahi kuuliza jina la ninayekwenda kupigana naye, maana ukianza kuuliza majina watu wanadhani unachagua, na simu inaacha kulia. Nafika, naingia kona ya bluu ambayo haina shabiki hata mmoja, namfundisha kijana raundi nne, mwamuzi anainua mkono wake, na mimi niko barabarani kabla pambano kubwa halijaanza. Kijana hajapoteza, watu wake wamefurahi, wiki inayofuata naitwa tena. Zaidi ya mia wamenishinda hivyo, na hakuna aliyewahi kunisimamisha. Hilo liandike kwenye friji.

Wengine nitakueleza siku nyingine. Karatasi imeisha.

Mjomba wako,
Gethin


Sheffield, 9 Februari 2025

Mjomba, shikamoo.

Sisi wote wazima. Theluji imeanguka na Kocha amefurahi, anatukimbiza mlimani akiwa ndani ya gari na kikombe cha chai. Mama ana mafua kidogo. Bibi amemwambia mchungaji kwamba mahubiri yake ni marefu kuliko pambano la ubingwa, na mchungaji amecheka, kwa hiyo hajafukuzwa.

Karatasi yako haikuwa imeisha. Ilikuwa na nusu ukurasa mweupe kabisa chini ya jina lako. Umewapiga chenga watoto wa watu mpaka umezoea, sasa unanipiga chenga na mimi.

Ngoja nikueleze kwa nini nakusumbua, maana Krismasi sikusema yote. Bwana Hopkin, yule fundi umeme wa pale karibu na soko, ameniwekea nafasi ya kujifunza kazi. Miaka minne, cheti, gari la kampuni mwishoni. Mama ndiye aliyemwomba. Ameniwekea mpaka Pasaka, baada ya hapo anampa mwingine. Na huku promota anataka nisaini miaka mitatu na nihamie Sheffield moja kwa moja. Siwezi kuvuta nyaya Merthyr asubuhi na kupigana Sheffield jioni. Lazima nichague.

Kocha ananisifu, lakini Kocha analipwa nikisaini. Promota ananisifu hata kabla hajaniona napigana. Rafiki zangu wananisifu kwa sababu ni rafiki zangu. Wewe peke yako huna faida yoyote ya kunidanganya. Kama mimi ni wa kawaida tu, niambie, nitashukuru na nitakuwa fundi mzuri na nitakuja kukutengenezea ile taa ya ngazini. Naogopa kitu kimoja: kufika miaka thelathini nikiwa sina huku wala kule.

Pambano langu ni 29 Machi, nyumbani Merthyr, kwenye ukumbi wa michezo. Ni na mtu wa Nottingham anaitwa Dale. Tiketi nauza mwenyewe kama kawaida ya sisi wa kona nyekundu, kona ya wenyeji. Nimemuuzia muuza nyama, daktari wa meno akiwa na vidole vyake mdomoni mwangu, na hata mchungaji. Kesho yake ni Siku ya Akina Mama, kwa hiyo Bibi anasema hiyo ndiyo zawadi yake na nisijaribu kumletea maua tena.

Nijibu kabla ya Pasaka. Nakuomba.

Osian


Stoke-on-Trent, 2 Machi 2025

Mpwa wangu, marahaba.

Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa Hull, na kijana mmoja wa Hull ameniziba jicho la kulia, kwa hiyo nakuandikia nikiwa na jicho moja kama nahodha wa maharamia. Mistari ikipanda juu usidhani nimelewa. Dawn ameniwekea mfuko wa njegere za barafu usoni, na mbwa ametoka kwenye kochi kwa mara ya kwanza mwaka huu ili azilambe. Jana ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Daudi, Bibi yako ametutumia ua la njano limekandamizwa ndani ya bahasha mpaka limekuwa kama karatasi. Tumeliweka dirishani.

Huyo Dale namjua. Mtu mwema, anapenda kuegemea kushoto akichoka. Mpige upande huo, asubuhi mtakuwa marafiki.

Kuhusu swali lako. Osian, mimi si mtu wa kuficha mambo na ninaona vibaya sana kukuzungusha. Ukweli ni huu: Mama yako aliniomba siku ileile ya Krismasi, jikoni, nikiwa bado na pedi mikononi. Alisema, "Gethin, usimwambie kitu. Si kizuri, si kibaya. Ukimwambia anaweza, ataondoka. Ukimwambia hawezi, atakwenda kukuonyesha kwamba ulikosea." Nikakubali. Ni dada yangu mkubwa. Nilipokuwa mdogo alinifungia kwenye banda la makaa kwa sababu nilimwita mnene, na mpaka leo sibishani naye nikiwa karibu na mlango.

Usimlaumu. Yeye amekaa kwenye kumbi za mikutano na mabwawa ya kuogelea yaliyofunikwa mbao miaka kumi na mitano akinitazama napigwa na watoto wa watu. Mara nyingi amenirudisha nyumbani kwa gari lake na sikuweza kutafuna. Hana uchungu na ndondi, ana uchungu na uso wangu. Wako anaupenda zaidi.

Kwa hiyo nimefunga mdomo. Muulize yeye anifungulie.

Kula vizuri. Mjomba wako wa jicho moja,
Gethin


Sheffield, 27 Machi 2025, Alhamisi

Mjomba, shikamoo. Sote wazima, Mama kapona mafua, Bibi ameshanunua kofia.

Nilimuuliza Mama. Alisema, "Tutaona," na akaanza kuosha sahani zilizokuwa safi.

Barua hii ni fupi. Dale wa Nottingham amevunjika kidole. Jioni hii Kocha ametuambia wamepata mtu mwingine kwa Jumamosi. Ni G. Probert, Stoke, kona ya bluu. Kocha anakujua kwa sura, hajui kwamba wewe ndiye mjomba ninayemwandikia, na mimi sikumwambia. Wewe ni Probert, mimi ni Pugh, hakuna aliyeshtuka.

Najua hukuuliza jina. Sasa hivi uko kwako unamwambia Anti Dawn kwamba umepata bahati ya kwenda nyumbani kunitazama napigana. Ningeweza kumwomba Kocha afungue kopo la biskuti nikupigie. Sikufanya hivyo. Nimekwenda posta nikanunua stempu ya daraja la pili. Barua itakufikia Jumatatu, labda Jumanne.

Mama amekukataza kusema. Hajakukataza kupigana.

Nisamehe. Natumaini ukiisoma hii utakuwa umeshanisamehe tangu Jumapili.

Osian


Stoke-on-Trent, 1 Aprili 2025

Mpwa wangu mhuni,

Marahaba kwa shikamoo yako ya Alhamisi. Imenifikia leo asubuhi, Jumanne, siku ya wajinga, na mjinga mwenyewe ameisoma akiwa na nyuzi nne kwenye mdomo wa juu. Nilianza kucheka, nyuzi zikavuta, nikalia, kisha nikacheka tena. Dawn alidhani nimepata habari mbaya. Anakusalimu na anasema wewe ni shetani mdogo, lakini alisema akitabasamu.

Ni kweli, Wilf Stott, wakala anayenitafutia mapambano, alinipigia Alhamisi mchana. "Jumamosi, Merthyr, raundi nne, utaweza uzito?" Nikasema nitaweza, nikakata simu, nikamwambia Dawn hivyohivyo ulivyoandika. Niliimba njia nzima Ijumaa. Nikafika kupimwa uzito, nikavua shati, nikamwona kijana amesimama kwenye mizani na chupi, anacheka mpaka mizani inatikisika.

Nilimpigia Wilf kutoka chooni. Nikamwambia, "Wilf, umenipangia mtoto wa dada yangu!"

"Uzito wenu sawa?"

"Sawa."

"Wote mna leseni?"

"Tunazo."

"Basi tatizo liko wapi?"

Nimemfanyia kazi mtu huyu miaka kumi na mitano, sijui kama ana ndugu. Ningeweza kufunga mkoba wangu nikaondoka, na nilitaka. Lakini nusu ya Merthyr ilikuwa na tiketi zako mfukoni, na mama yangu alikuwa ameshavaa ile kofia nyumbani kwa majaribio. Na nilikuwa na hasira na wewe pia, nisikufiche.

Kuna jambo hukuliona. Jumamosi, nikiwa nafungwa glovu, Bethan aliingia chumbani kwangu. Mama yako hajawahi kuingia chumba cha mabondia maishani mwake. Akasimama mlangoni na mkoba wake mbele kama ngao.

"Ulijua?"

"Naapa sikujua, dada."

"Yeye alijua?"

"Muulize mwanao."

Akanitazama mikono. Nikangoja aniambie nisikuumize, nami nilikuwa nimeshaandaa jibu. Badala yake akasema, "Usimdanganye, Gethin. Raundi zako zile za kuwapa watoto wa watu, usimpe." Akatoka.

Halafu ule ukumbi! Mimi nimezoea kuingia watu wakiwa wananunua chipsi. Natoka pazia la bluu, nasikia sauti moja, "Gethin! Mtoto wa Olwen!" na ukumbi mzima ukalipuka. Niligeuka kutazama ni nani yuko nyuma yangu. Mchungaji amesimama juu ya kiti. Mama yangu amekaa katikati kabisa, bega moja skafu nyekundu, bega la pili ya bluu, anaimba besi. Miaka yote hii sikuwahi kushangiliwa nikiingia, Osian. Miguu ilikuwa myepesi nikaogopa nitaanguka kabla hujanigusa.

Sasa raundi. Ya kwanza ulidhani tunacheza. Nilikukanyaga mguu, nikakuwekea kichwa chini ya kidevu, nikakupa ngumi tatu za mbavu wakati mwamuzi yuko upande wa pili, na raundi hiyo alinipa mimi, kwa haki. Ulirudi kwenye kona yako umekodoa macho. Ya pili ukaamka. Ule mkono wako wa kushoto ulikuwa usoni mwangu kila nilipogeuka, nikakupisha kulia ukawa huko, nikainama ukawa chini. Nikasema moyoni, haya, huyu nani?

Ya tatu hiyo watu wataisimulia mpaka tufe. Ulinipiga tumboni, pumzi ikaniishia kabisa, nikakunja uso. Na wewe, katikati ya ulingo, mbele ya mji mzima, unarudi nyuma, unashusha mikono, unauliza, "Uko sawa, Mjomba?"

Nikakupiga pua.

Nilisikia hata wauza bia wanacheka. Mwamuzi kashangaa, "Mjomba? Nani mjomba?" Nikamwambia, "Wewe fanya kazi yako, bwana." Kisha nikakukumbatia nikakwambia sikioni ulichokisikia, na hicho sikirudii hapa kwa sababu Mama yako anaweza kuisoma barua hii.

Raundi ya nne hukuuliza hali yangu. Ulikuja moja kwa moja, ukanionyesha kulia kama chambo, nikaamini, mimi mzee wa kuonyeshwa, na kushoto ikaingia kwenye ini. Ile ngumi haiumi palepale. Unapata nafasi ya kufikiria kwanza kwamba imekosa. Kisha magoti yakaenda yenyewe. Nikawa nimepiga magoti natazama viatu vya mwamuzi, nasikia anahesabu, na nilijua kabisa kwamba nikibaki pale hakuna atakayenilaumu. Nikainuka kwa sababu mama yangu alikuwa ameacha kuimba. Nilimaliza kwa miguu yangu, lakini muda uliobaki sikuwa napigana, nilikuwa nakushikilia tu. Pointi thelathini na tisa zako kwa thelathini na sita zangu. Mwamuzi hakukosea hata kidogo.

Jumapili nilipompelekea mama yangu kadi tulikuwa wengi, na Bethan alikuwa anamimina chai bila kumtazama mtu, kwa hiyo sikusema. Jana nikampigia. Nikamwambia, dada, nifungulie mdomo au nivunje ahadi, chagua. Nikasikia maji ya sinki yanakimbia. Akasema, "Mwandikie. Ulichokiona, hivyohivyo."

Basi soma. Una kasoro mbili. Ukifurahi unashusha mkono wa kulia, na kuna siku mtu mbaya kuliko mimi atakusubiri ufurahi. Na una huruma. Huruma yako naipenda, usiitupe, lakini iache chumbani na suruali yako, utaikuta ukirudi.

Kasim Dar ana mkono mzito kuliko wako. Quaye ana kasi kuliko wewe, na Baird ana akili kama yako, ila yeye ameanza kuitumia mapema. Wote hao nimesimama mbele yao, na hakuna hata mmoja niliyejaribu kumshinda. Si kazi yangu. Nawapa raundi zao, nawarudisha kwa mama zao wamejifunza kitu.

Wewe nilijaribu kukushinda. Nataka uelewe hilo. Niliingia ulingoni Jumamosi nikitaka kukupiga mbele ya watu wote, uone aibu, urudi kwa Bwana Hopkin, na dada yangu alale usingizi. Nilitumia kila kitu nilichonacho, halali na haramu, miaka kumi na mitano yote niliimwaga pale. Nikashindwa. Uliniangusha, na hakuna aliyeniangusha tangu ulipokuwa shule ya msingi.

Hii ndiyo kauli yangu na sitaibadilisha: kati ya hao kumi na wewe, nimemwambia Wilf ni jina moja tu, lako, ambalo kuanzia sasa lazima anitajie kabla sijasema ndiyo.

Mjomba wako aliyekusamehe Jumapili kama ulivyoomba,
Gethin


Merthyr Tydfil, 13 Aprili 2025

Mjomba wangu, shikamoo.

Natumaini nyuzi zimeshatolewa na unaweza kucheka bila kulia. Pua yangu imerudi saizi yake, asante kwa kuuliza, ingawa hukuuliza. Bibi hajambo. Kila duka akiingia anaulizwa alikuwa upande gani, naye anajibu wa mwamuzi. Anamwambia Anti Dawn kwamba Pasaka mje wote na mbwa, kochi lipo.

Barua yako ilifika nikiwa kazini kwa muuza nyama namsaidia kubeba, kwa hiyo Mama ndiye aliyeiokota mlangoni. Hakuifungua. Aliiegemeza kwenye buli la chai ikakaa pale mpaka niliporudi. Nikaisoma nimesimama, na koti mwilini. Nilipomaliza nikampa.

Aliisoma karibu na dirisha. Pale kwenye raundi ya tatu alicheka mara moja, akaziba mdomo. Pale ulipoandika kwamba ulijaribu kunishinda, na kwa nini ulijaribu, akarudi nyuma akasoma tena. Nilijua ni hapo kwa sababu kidole chake kilikuwa kwenye mstari. Akaikunja, akairudisha kwenye bahasha, akasema, "Viazi vitaungua," na tukala. Hakusema lolote siku hiyo, wala iliyofuata. Mimi nikaogopa kuuliza. Nilishaamua kwamba akisema niende kwa Bwana Hopkin nitakwenda, Mjomba, bila kinyongo. Nilitaka kujua tu, na nimeshajua. Nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Krismasi.

Jana asubuhi nikiwa nafunga kamba za viatu nikakimbie, nikamsikia yuko kwenye simu ukumbini. Anatumia ile sauti yake ya benki.

"Habari za asubuhi, Bwana Hopkin, ni Bethan Pugh. Hapana, sote wazima, asante. Nimekupigia kuhusu ile nafasi uliyotuwekea. Naomba umpe mtoto wa mtu mwingine." Akasikiliza. Bwana Hopkin anaongea sana, unamjua. Kisha Mama akasema, "Hapana, hajapata ugonjwa wowote. Osian hatakuja kwa sababu ana kazi tayari."

Kazi, Mjomba. Miaka yote hii mbele yangu hajawahi kuiita hivyo, yako wala yangu. Aliweka simu chini, akaniona nimekaa kwenye ngazi na kiatu kimoja, akaniuliza nangoja nini, mvua inakuja, nikimbie. Nikakimbia mpaka juu kabisa kwenye hifadhi ya maji, nikasimama pale nikalia kama mtoto, na siku hiyo wala hakuna aliyekuwa amenigusa.

Nasaini Jumatano. Mama anakuja Sheffield nami, anasema anataka kumwona huyo promota usoni.

Mpwa wako,
Osian